Miaka ya Bob Feller iliyoliwa na vita

Haya ndo niliyosema Jumapili pale ukumbini. Kuna waliokuwa shifti, kuna waliokwama na theluji, na kuna waliofika lakini wakabaki jikoni na sufuria, wote mmeniomba niyaweke. Picha za ukutani nimeziacha, maneno ni yale yale.

Shikamooni wazee wangu. Ba papa na ba mama, karibuni. Vijana mliokaa nyuma karibu na mlango mnadhani siwaoni, nawaona, sogeeni mbele viti viko wazi. Na mama zetu wa jikoni asanteni sana, harufu ya sombe imeshaanza kufika huku kwahiyo najua sina muda mrefu.

Mwenyekiti aliniomba niongee na vijana juu ya michezo, na najua alidhani nitaongea mpira wa miguu, sababu wote mnanifahamu, kule kambini Nyarugusu, Tanzania, nilikuwa beki namba tatu mpaka goti likakataa, nikawa kocha wa watoto, nikafika hapa Des Moines bado nina filimbi mfukoni. Leo siongei mpira wa miguu. Leo naongea besiboli.

Ngojeni, ngojeni! Msicheke kwanza. Hata mi nilikuwa nacheka. Miaka miwili mizima nimekaa pembeni ya uwanja namsubiri mwanangu wa pili, sielewi kitu, watu wamesimama tu, mmoja anatema mate, mwingine anarekebisha kofia, hakuna anayekimbia, najiuliza hivi huu mchezo unaanza saa ngapi, kumbe umeshafika katikati. Mpaka mtoto akamwonea huruma baba yake akanieleza. Kuna mrushaji, anarusha mpira kwa nguvu zake zote. Kuna mpigaji ameshika gongo, na nyie mliokaa Tanzania naomba muelewe ni gongo la mti, siyo gongo ile ya kwenye chupa. Nyuma ya mpigaji kachuchumaa mdakaji, ana glovu nene kama mto wa kulalia. Mpigaji akikosa mipira mitatu mizuri ametoka, wanaita straikiauti. Ukielewa hayo tu umeelewa nusu ya mchezo, nusu nyingine hata mi bado.

Sasa niulize. Nani hapa ameshafika Van Meter? Mkono juu. Mmoja... wawili. Wawili tu! Na kila siku mnapita I-80 mnaenda kazini, Van Meter ni hapo hapo magharibi, nusu saa kutoka tulipokaa, ukipiga chafya umeshaipita. Mwezi wa kumi nilimpeleka mwanangu. Kuna nyumba moja ya matofali, zamani ilikuwa makumbusho ya mtu mmoja, baadaye ikawa ofisi ya mji, na ukutani huyo mtu wamemchonga kwenye matofali yenyewe. Mwanangu akaenda akapitisha kidole kwenye mkono wa kurushia, pale kwenye vidole vilivyoshika mpira, anaangalia kashikaje.

Huyo mtu ni Bob Feller. Amezaliwa hapo tarehe 3 Novemba 1918, mtoto wa mkulima. Na sababu ya kumleta kwenu leo siyo mipira aliyorusha. Ni miaka ambayo hakurusha. Vita vilimla karibu miaka 4, na ilikuwa ile minono kabisa. Nikiangalia ukumbi huu sioni mtu mzima hata mmoja ambaye vita havijamla miaka. Kwahiyo naongea na watu wanaoijua hiyo habari kuliko mimi.

Lakini nianze na baba yake. Mnisamehe, nitakaa hapa kidogo.

Mzee Bill Feller alikuwa mkulima wa mahindi kama wengine wote wa Iowa. Alipoona mtoto ana mkono, akahamia kwenye ngano, sababu ngano haikuli muda kama mahindi, apate masaa ya kucheza na kijana wake. Wakulima mliopo mmesikia? Mtu amebadilisha zao kwa ajili ya mpira! Kwetu Fizi, Kongo, ukoo ungeitisha kikao. Baridi ikiingia, na baridi ya hapa sina haja ya kuwaeleza, wanaingia ndani ya ghala wanarushiana humo humo. Bob alipofika kama miaka 12, 13 hivi, baba na mwana wakakata miti shambani wakajenga uwanja kamili, wakauita Oakview, Jumapili majirani wanakuja kuangalia. Na mdakaji wake alikuwa nani? Ni mzee mwenyewe, amechuchumaa nyuma pale, siku baada ya siku. Siku moja mzee anasubiri mpira wa kupinda, mtoto akaachia ule wa moja kwa moja. Mbavu zikavunjika. Mkulima, mbavu zimevunjika, na alipopona akarudi kuchuchumaa.

Ishikeni hiyo ya mzee amechuchumaa, nitairudia.

Cleveland, timu ya ligi kuu, wakaja wakamsajili kijana kwa dola 1 na mpira mmoja uliosainiwa. Dola moja! Mawakala wa siku hizi wangezimia. Agosti 1936, ana miaka 17, wakampa kuanza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, akatoa straikiauti 15. Wiki tatu baadaye akatoa 17. Watu wazima wenye ndevu na watoto nyumbani wanapunga gongo hewani mbele ya mtoto wa sekondari. Halafu msimu ukaisha, na hii ndo napenda, akarudi Van Meter kumalizia shule. Vijana wa nyuma, mmesikia? Alimaliza shule. Sherehe ya kumaliza mwaka 1937 ilirushwa na redio nchi nzima.

Na mama yake naye asisahaulike. Mei 1939, ilikuwa Siku ya Mama, familia ikasafiri mpaka Chicago wamwone mtoto anacheza. Bob akarusha, mpigaji wa Chicago akaukata mpira vibaya ukatoka pembeni, ukaruka mpaka jukwaani, katika watu wote wale ukaenda kumpiga nani? Mama Feller, usoni, miwani ikapasuka, akapelekwa hospitali akashonwa. Siku ya Mama! Bob akaenda kumwona pale jukwaani, kisha akarudi kurusha akashinda mechi. Ba mama naona mnatikisa vichwa. Hata mi sijui ningerushaje.

Aprili 1940, siku ya kufungua msimu, akacheza mechi nzima bila mpinzani hata mmoja kumpiga mpira wa kumfikisha salama. Siku ya kwanza ya msimu! Mwaka 1939 alishinda mechi 24, mwaka 1940 akashinda 27, mwaka 1941 akashinda 25. Jumlisheni wenyewe, 76 kwa misimu mitatu. Ana miaka 23 na hakuna mrushaji Marekani nzima anayemsogelea.

Sasa tuje kwenye Jumapili nyingine. Tarehe 7 Desemba 1941. Bob yuko kwenye gari, peke yake, ametoka nyumbani anaenda Chicago kuonana na viongozi wa timu juu ya mkataba wa mwaka unaofuata. Anavuka mto Mississippi, ule ule tunaouvuka tukienda Illinois kusalimia ndugu, redio ya gari ikasema Wajapani wamepiga Pearl Harbor, bandari ya meli za vita za Marekani. Hakuna aliyempigia simu, hakuna aliyemwandikia barua. Alifika Chicago, na tarehe 9, siku mbili tu, akala kiapo kuingia jeshi la majini, na aliyemwapisha ni Gene Tunney, yule aliyekuwa bingwa wa ngumi wa dunia. Ndo anahesabiwa mchezaji wa kwanza wa ligi kuu kujiandikisha mwenyewe baada ya Pearl Harbor.

Sikilizeni hapa. Alikuwa na ruhusa ya kutokwenda. Narudia, alikuwa na ruhusa. Mzee Bill, yule wa ghalani, alikuwa na kansa ya ubongo, anakufa, na Bob ndo alikuwa analisha familia, sheria ikamwambia wewe kaa. Alafu Januari 1942 Rais Roosevelt mwenyewe akaiandikia ligi kwamba besiboli iendelee, watu wanaofanya kazi masaa mengi wanahitaji burudani. Kwahiyo angekaa Cleveland akarusha mipira yake, nani angemnyooshea kidole? Hakuna.

Akaenda.

Mi hapa huwa nakwama, niwaambie ukweli. Vitabu vya michezo vinapita haraka sana hapa, shujaa, bendera, basi. Mi namfikiria yule mzee. Aliyeacha mahindi. Aliyechuchumaa. Januari 1943 akafa, mtoto yuko jeshini. Wako hapa ambao baba zao walikufa upande wa pili wa ziwa, wao wako kambini, habari ikafika baada ya wiki tatu kwa mdomo wa mtu aliyeshuka boti. Tofauti ni kwamba yule alichagua. Sisi hakuna aliyetuuliza. Sitaki mtu atoke hapa akisema nimewalinganisha, sijawalinganisha, nimeweka tu viti viwili karibu karibu.

Haya. Mwanzoni jeshi likampa kazi nyepesi, kuwafanyisha mazoezi ya viungo wanajeshi wapya, kwenye mpango wa huyo huyo Tunney, na mpira kidogo pembeni. Wachezaji wengi maarufu walipewa hiyo, wanavaa sare, wanacheza besiboli kambini, wanarudi kulala kitandani. Siwalaumu, amri ni amri. Bob hakuitaka. Akaomba kwenda kusoma mizinga, wakampeleka, kisha wakampangia manowari inaitwa Alabama.

Alabama ilikuwa mji unaoelea, watu zaidi ya 2,000 humo ndani. Bob akapewa mzinga wa kutungulia ndege, ule wa milimita 40 wenye midomo minne, na chini yake watu 24. Nataka muone hiyo kazi. Siyo ya mtu mmoja kusimama anafyatua kama kwenye filamu. Kuna wa kugeuza mzinga kulia kushoto, kuna wa kuinua na kushusha, kuna foleni ya watu wanapokezana risasi, zimefungwa nne nne, nzito, wanazisukuma kwa juu mzinga unakula, unakula, hausubiri. Mmoja akichelewa mdomo mmoja umenyamaza, na ndege inakuja. Ni kama laini ya kiwandani, mnaofanya nyama mnanielewa, mkanda hausimami sababu wewe umechoka.

Mwaka 1943 walikuwa baridi kali kaskazini huko pamoja na Waingereza, kulinda misafara ya kwenda Urusi. Kisha wakapelekwa Pasifiki. Visiwa vya Gilbert, Marshall, Truk, Saipan. Juni 1944 kwenye bahari ya Ufilipino ndege za Wajapani zikaja kwa mamia, mitambo ya Alabama ikawa ya kwanza kuzinusa zingali mbali, na siku ile Wajapani walipoteza ndege nyingi sana hawakuinuka tena kwa upande wa ndege za melini. Bob alikuwa kwenye mzinga wake.

Lakini waliokuwa vitani mnajua, kubwa ni kusubiri. Siku kumi hakuna kitu, wiki tatu hakuna kitu, chuma na jua na maji. Anafanya nini mrushaji wa Cleveland? Anakimbia kuzunguka sitaha ya meli, duru baada ya duru, halafu anatafuta mwenzake yeyote mwenye glovu wanarushiana. Meli inayumba. Mpira ukipita umeenda kwa samaki. Miaka hiyo yote mkono wake haukulala, na hili nawaambia vijana, hakujua kama atarudi kucheza, hakuna aliyemwahidi, alirusha tu.

Na hiyo meli waliiita ya bahati sababu adui hakuua mtu hata mmoja ndani yake. Hata mmoja! Ila Februari 1944 usiku, katikati ya vurugu ya kupiga ndege, mzinga mmoja wa Alabama ukaupiga mzinga mwingine wa Alabama. Watu 5 wakafa. Wenyewe kwa wenyewe, bahati mbaya tu. Nimeisema makusudi, maana watoto wetu wanacheza vita kwenye simu na kwenye simu risasi yako haimpati wa kwenu.

Wachezaji zaidi ya 500 wa ligi kuu walivaa sare vita ile. Wawili waliuawa, Elmer Gedeon akiwa rubani juu ya Ufaransa mwaka 1944, na Harry O'Neill kisiwani Iwo Jima mwaka 1945. Gedeon alikuwa amecheza mechi 5 za ligi kuu maishani. O'Neill mechi 1, na hiyo moja hata gongo hakushika. Bob Feller uzeeni kila akiitwa shujaa alikuwa anakataa, anasema mashujaa ni wale ambao hawakurudi, yeye ni aliyerudi tu.

Sasa kurudi. Wazee, hapa ndo nilitaka tufike.

Tarehe 24 Agosti 1945, siku mbili tu ametoka jeshini, Cleveland wakampa mpira. Watu zaidi ya 46,000 wamejaa. Wapinzani ni Detroit, timu iliyokuja kuchukua ubingwa mwaka ule. Akashinda 4 kwa 2, straikiauti 12. Mwaka uliofuata, 1946, akatoa straikiauti 348 na kushinda mechi 26. Ukisikia hivyo unasema ah, kumbe vita havikumfanya kitu! Alikaa karibu miaka 4 kwenye chuma akarudi kama alivyoondoka.

Hiyo ndo hadithi watu wanapenda. Na ni kweli, sijatia chumvi. Lakini ngojeni niwape wa pili, msimjue Feller peke yake mkaondoka.

Cecil Travis. Kijana wa shamba naye, wa Georgia, anachezea Washington. Mwaka 1941 alipiga mipira 218 ya kumfikisha salama, hakuna wa ligi yake aliyemfikia, hata Joe DiMaggio. Akaenda jeshini, siyo majini, yeye nchi kavu, na baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945 ikamkuta Ulaya kwenye vile vita vya Ardennes, theluji, miguu ikaganda. Madaktari wakamfanyia operesheni wakaiokoa. Akarudi uwanjani Septemba 1945. Na hakuwa yeye. Alikuwa anapiga kama mtu anayejifunza. Mwaka 1947 akaacha, akarudi shambani Georgia. Watu wote wakasema ni miguu, maskini miguu. Yeye akasema hapana, siyo miguu. Akasema ni ule wakati, ule mdundo wa kujua mpira unafika lini, umekaa mbali nao miaka mingi, ukirudi umeshakukimbia, unaona mpira lakini mkono unafika umechelewa.

Nani hapa hajawahi kuona mkono umechelewa?

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi seremala Uvira, mbao ikipita mbele yake anakwambia imekatwa lini. Akakaa kambini miaka 18. Amefika hapa wakampa kazi ya vipimo, mashine ya kompyuta, yeye na futi yake mkononi. Siyo kwamba hawezi. Mkono ulichelewa.

Na wa tatu. Huyu ni mweusi, na naomba mumshike kuliko wote. Leon Day, amekulia Baltimore, mrushaji wa Newark Eagles kwenye ligi za weusi, sababu ligi kuu wakati ule haikuruhusu mtu mweusi hata akirusha moto. Mwaka 1942 aliwahi kutoa straikiauti 18 mechi moja. Akachukuliwa jeshini, jeshi la weusi peke yao, siku chache baada ya ule uvamizi wa Normandy akafika ufukwe wa Utah akiendesha gari la kwenda majini na nchi kavu, anashusha mizigo ndege zinapita juu kichwani. Vita vikaisha. Septemba 1945 wanajeshi wa Marekani wakafanya mashindano yao ya besiboli, baadhi ya mechi za fainali zikachezwa wapi? Nuremberg! Kwenye viwanja vile vile ambavyo chama cha Hitler kilikuwa kinafanyia mikutano yake. Timu moja ikathubutu kuwachanganya, ikawaweka Leon Day na mwenzake Willard Brown, weusi, pamoja na wazungu. Day akarusha mechi ya pili, 2 kwa 1. Na timu yake ikachukua kombe. Pale Nuremberg, ba papa! Mi nikisoma hiyo nilisimama jikoni peke yangu saa nane usiku nimetoka shifti nikapiga makofi, mke wangu akaamka.

Halafu akarudi nyumbani. Mei 1946, siku ya kufungua msimu wa Newark, akacheza mechi nzima hakuna aliyempiga mpira. Mnakumbuka Feller 1940? Siku ya kufungua, vile vile! Kazi ni ile ile. Lakini Feller alirudi kwenye watu 46,000 na gazeti la nchi nzima, Day akarudi kwenye ligi ile ile ya pembeni, nchi aliyoshushia mizigo ufukweni bado inamwambia mlango wako ni ule wa nyuma. Alikuja kuchaguliwa kwenye jumba la heshima la besiboli Machi 1995. Habari ilimkuta hospitalini. Siku chache tu akafa.

Na Bob Feller tumpende lakini tusimfunike. Mwaka 1945 aliulizwa juu ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi, akasema huyu hataweza ligi kuu, mabega yake ni ya mchezo mwingine. Jackie, ambaye naye alikuwa luteni jeshini, na mwaka 1944 alipelekwa mahakama ya kijeshi sababu alikataa kuhamia nyuma ya basi, akashinda kesi. Jackie akaingia ligi kuu 1947. Na mwaka 1962 wakaingia kwenye jumba la heshima siku moja, Bob na Jackie, jukwaa moja. Mungu ana utani wake.

Sasa hesabu. Feller alimaliza na ushindi 266. Alikuwa anashinda kama 25 kwa mwaka kabla ya vita. Chukua miaka iliyoliwa uzidishe, unapata kama 90 hivi, angepita 350. Watu walimfanyia hiyo hesabu maisha yake yote mpaka amekufa Desemba 2010 ana miaka 92. Kila mahojiano, mzee, hivi vita visingekuwepo? Na yeye kila mara anajibu kwamba ushindi anaojivunia kuliko wote ni ule wa vita. Nilikuwa namwona jeuri kidogo. Mtu gani haumwi na miaka yake?

Mpaka nikakumbuka fomu. Nilipofika hapa nilienda kuomba kazi ofisi moja, kijana wa pale akanipa fomu, kuna sehemu ya kuandika umefanya nini mwaka mpaka mwaka, nikaandika ya Fizi, nikaandika ya Iowa, katikati 1997 mpaka 2016 nikaacha. Kijana akagonga kalamu pale kwenye ile nafasi nyeupe. Akauliza hapa ulikuwa unafanya nini? Miaka 19. Nikasema, nilikuwa nasubiri. Akaandika hana kazi.

Nilirudi nyumbani na hasira wiki nzima. Nilikuwa nasubiri? Hivi kweli? Mbona nilikuwa na timu tatu za watoto, mipira ya makaratasi na nailoni, ligi kamili na ratiba, mpaka refa tulikuwa tunamlipa sabuni? Mbona nilioa, nikazaa wanne, nikamzika mama? Ile nafasi nyeupe ni ya nani? Ni mimi niliyeiacha nyeupe, yule kijana alisoma tu. Feller yeye mtu akimwonyesha nafasi nyeupe anamjibu hapo nilikuwa na mzinga wa midomo minne na watu 24. Hakuacha mtu amwandikie.

Sisemi kambi ilikuwa nzuri. Msininukuu vibaya, kuna watu hapa walilala njaa huko. Na Cecil Travis naye yupo, mkono wake ulichelewa na hakuna hesabu ya kuurudisha, na Leon Day ndo kabisa. Nasema tu vijana mkimuuliza mzee wako miaka ile ulikuwa unafanya nini, na akakujibu nilikuwa nasubiri, usiandike. Muulize tena. Muulize refa alilipwa nini.

Basi, naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Jumamosi saa tatu asubuhi, siyo saa tatu ya Kikongo, saa tatu yenyewe, naondoka hapa na vani kwenda Van Meter, viti vipo 11, theluji ikiwa imepungua tutatafuta sehemu tambarare turushe. Glovu nimeazima nne. Mwanangu atarusha, na mdakaji ni mimi, goti hili hili, kwahiyo mama mmoja anifungie barafu.